Plagini haionekani, nyingine inazima FL Studio, spika zinakwaruza: nipige Windows upya?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina studio ya chumbani hapa Morogoro: laptopu ya Windows yenye RAM GB 8, na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ya biti 64. Nimeweka plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya FL) mpya ya mwangwi, ikasema imekamilika, lakini ndani ya FL siioni. Nimerudia mara tatu. Pili, kuna sinta (plagini inayotoa sauti za ala) ya zamani niliyokopi kwa rafiki kwenye flashi. Nikifungua mradi wenye hiyo sinta, programu nzima inajifunga. Tatu, nikirekodi mwimbaji na kuweka efekti mbili tatu, spika zinaanza kukwaruza. Fundi wa mtaani ameniambia nipige Windows upya. Nikubali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usipige. Utapoteza siku mbili kurudisha kila kitu, kisha matatizo yako yote matatu utayakuta palepale, kwa sababu ni magonjwa matatu tofauti yaliyokutana kwa mgonjwa mmoja.

Tuanze na jepesi. Umesema ulirudia mara tatu, hukusema uliiweka wapi. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta VST, mfumo unaotumiwa na plagini nyingi, mwaka 1996, VST3 ikafuata 2008, na tangu 2018 haitoi tena leseni mpya za kutengeneza VST2. Ndiyo maana plagini nyingi za sasa huja kama VST3 peke yake, na VST3 ina nyumba yake: C:\Program Files\Common Files\VST3. Sisi tulioanza zamani tumezoea kuelekeza kila kitu kwenye folda yetu ya mafaili ya dll, yaani plagini za VST2, halafu tunashangaa mgeni haonekani. Fungua folda hiyo ya VST3 uone kama kuna faili lenye jina la plagini yako. Halipo? Sakinisha tena, na safari hii usibadilishe njia. Lipo? Nenda Options, kisha Manage plugins, bonyeza Find installed plugins. Kama ilikwama kwenye ukaguzi wa kwanza, FL iliiweka kando, na haitaigusa tena mpaka uweke tiki kwenye Rescan plugins with errors. Hapo ndipo wengi hukwamia.

Sasa hiyo sinta ya flashi. Nitasema ukweli: faili la dll lililokopiwa peke yake mara nyingi ni mwili bila roho. Sauti zake, leseni yake na mipangilio yake vilibaki kwenye kompyuta ya rafiki. Na kama ilivunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa, hujui ni nini kingine kiliingia nayo. Kuna jambo la pili: sinta za umri huo nyingi ni za biti 32. FL ya biti 64 huzifungua kwa kupitia daraja, yaani programu ya pembeni inayoziunganisha na FL, na daraja hilo si imara kila siku.

Kuukomboa mradi wako fanya hivi. Funga FL, toa faili la sinta kwenye folda yake ulihamishie kwenye desktopu, kisha fungua mradi. FL italalamika kwamba plagini haipo, lakini mradi utafunguka. Hifadhi nakala kwa jina jipya na usiiguse ya kwanza. Kisha tafuta toleo halali la biti 64, au tumia sinta nyingine. Kama kumbe sinta yako ni ya biti 64 tayari na huwezi kuishi bila hiyo, kwenye mipangilio yake ndani ya FL kuna Make bridged. Ukiiwasha, plagini hukaa chumba chake. Ikianguka, mara nyingi inaanguka peke yake.

Kukwaruza ndiko kunakohitaji muda, maana neno hilo moja linabeba mambo yasiyofanana. Fungua Options, Audio settings, utafute hesabu ya Underruns, yaani mara ambazo kompyuta imechelewa kutoa sauti. Cheza wimbo huku unaitazama.

Ikipanda kila spika inapokwaruza, prosesa imezidiwa. Hakikisha umechagua draiva ya ASIO, aina ya draiva inayopitisha sauti kwa haraka: ya kadi yako ya sauti kama unayo, la sivyo FL Studio ASIO. Kisha angalia bafa, yaani idadi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) ambazo kompyuta huchakata kwa mkupuo mmoja. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 inaipa kompyuta milisekunde 3 hivi kumaliza kazi yote. Ya 512 inaipa karibu 12. Ya 2,048 inaipa 46. Mwimbaji akiwa kwenye maiki, kaa 128 au 256 ili asijisikie kwa kuchelewa, na zima efekti nzito. Ukianza kumiksi, panda hadi 1,024 au zaidi. Badala ya mwangwi mmoja kwa kila sauti, weka mmoja kwenye njia moja ya miksa na sauti zote zitume huko. Na uangalie chaja! Umeme ukikatika, laptopu ikahamia kwenye betri, prosesa nyingi hupunguza kasi kimyakimya, nawe unailaumu plagini.

Isipopanda, tazama kwanza kama masta, njia ya mwisho ya miksa, imevuka 0 dB ikawa nyekundu. Hiyo ni sauti kupasuka tu, punguza.

Na kama siyo hilo? Niliwahi kukesha na wimbo uliokuwa unatoa "tk" ndogo mahali palepale, pale tu nilipokuwa nimechora otomesheni ya filta, yaani mstari unaoigeuza filta wimbo unapocheza. Prosesa ilikuwa asilimia 30, masta ya kijani. Nilibadilisha waya, nikabadilisha hadi hedifoni. Kumbe FL huikatakata bafa vipande visivyolingana kabla ya kuipa plagini, na plagini nyingine zimeandikwa zikitegemea vipande vya ukubwa uleule. Dawa yake ni kisanduku kimoja: bonyeza alama ya gia juu kushoto kwenye dirisha la plagini, tafuta Use fixed size buffers, weka tiki. Saa tisa usiku, "tk" ikatoweka.

Usiiweke kwa plagini zote kwa mkupuo. Zima moja moja kwenye miksa mpaka kelele inyamaze, ndipo umtibu huyohuyo. Ikiendelea, niandikie jina la plagini, draiva na ukubwa wa bafa, kwa maana "inakwaruza" peke yake haitanipa pa kuanzia.