Nakata mawaidha ya masheikh na kuyaongezea kasida: inafaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Makorora, Tanga. Nakata vipande vya mawaidha, naweka kasida kwa chini na maandishi, narusha TikTok. Wengine wanachukua vyangu, nao wanaongeza vyao. Je, napata thawabu au nachuma dhambi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, mwanangu.

Kujenga juu ya kazi ya mwenzio si jambo geni pwani yetu. Washairi wana takhmisa: mtu huchukua mishororo miwili ya mwingine, akaitangulizia mitatu yake, ikatimia mitano. Ile miwili haiguswi, na msikilizaji anajua ni ya nani. Kwa mizani hiyo kazi yako inafaa, na Allah akulipe.

Hofu yangu iko kwenye mkasi. Anayesoma Suratul Maun akakomea "Ole wao wanaosali" hakuongeza hata herufi, lakini maana kaipindua. Aya inayofuata ndiyo inayowataja wanaopuuza sala zao. Nami yamenifika. Kwenye darsa hapa Ngamiani nilisema: "Mtu akikwambia deni la marehemu haliwahusu warithi, msomee An-Nisaa aya ya 11, mirathi haigawiwi ila baada ya wasia na deni." Kijana mmoja akachukua maneno ya katikati tu. Akanijia fundi seremala anayedai fedha za kabati, simu mkononi, akanisikilizisha sauti yangu juu ya kasida nzuri: "Deni la marehemu haliwahusu warithi." Watoto wa marehemu ndio waliomwonesha. Niliumia mno. Haki ya mtu ilikuwa inapotea kwa ulimi wangu.

Basi usikate kabla hoja haijatimia, hata watazamaji wakipungua. Sheikh akitaja kauli ya wengine ili aijibu, jibu lake liwemo. Mtaje jina, na umwombe ruhusa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za mtunzi zinalindwa kisharia.

Kasida chini ya mawaidha sina neno nayo. Chini ya kisomo cha Qur'ani, itoe: Al-A'raf aya ya 204 inatuamrisha tuisikilize na tunyamaze.

Anayeongeza juu ya vyako bila kupotosha, mwache. Anayepotosha, mwandikie kwanza faraghani. Akikataa, rusha maneno kamili. Na vile ulivyokwisha kurusha, vipitie kimoja kimoja, ufute vilivyokatikia njiani.

Wallahu aalam.