TV ya 4K na padi nzito: jibu kutoka banda la gemu, Lamu

Kakangu wa Malindi, swali lako nimelisoma mara mbili. Una mashine ya gemu ya PS4 Slim, ukijaaliwa mwakani utachukua PS5, na dukani umeonyeshwa TV mbili za bei isiyopishana sana. Moja mpya, inchi 55, 4K, katoni imejaa maandishi: HDR (yaani mwanga na rangi pana zaidi), Motion 240, na kadhalika. Ya pili ni mtumba wa Uingereza, inchi 43, Full HD, haijigambi kwa lolote. Unauliza ipi itafanya mpira uende haraka. Mimi nina banda la gemu hapa Amu, upande wa Langoni, mwaka wa saba huu, na swali hilo lilishanila pesa kabla wewe hujaliuliza. Nivumilie, jibu ni refu.

Tuanze na hilo neno "haraka". TV haiongezi kasi ya gemu. Anayepika fremu, yaani picha moja moja za gemu, ni mashine, TV inapakua tu. EA FC, ile gemu ya mpira, kwenye PS4 hupikwa fremu 60 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 16.7, na itapikwa vivyo hivyo uichomeke kwenye TV ya shilingi elfu kumi au ya laki mbili. Ubaya ambao TV inaweza kukufanyia ni kukucheleweshea sahani mezani. Na huko kuchelewa hakuandikwi kwenye katoni.

Mimi nilianza na TV mbili za inchi 32, mbovu mbovu, moja ina mstari wa kijani pembeni. Nikaona vijana wanaanza kuhamia banda la jirani kwa sababu lina skrini kubwa. Nikajikusanya, nikaenda Mombasa, nikarudi na ya inchi 55, 4K, mpya. Nimesafiri nayo kwa basi Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, nikaivusha kwa boti nimeikumbatia kama mgonjwa. Pale jeti mwenye punda aliitazama ile katoni akaniambia, "Hii si mzigo, hii ni tanga. Upepo ukiishika utanimwagia punda baharini." Tukaibeba watu wawili kichwani, ubavu ubavu kwenye vichochoro.

Usiku wa kwanza banda likajaa. Usiku wa tatu maneno yakaanza. "Bro, padi nzito," yaani unabonyeza na picha inachelewa kufuata. "Nimepiga pasi zamani, jamaa amesimama tu." "Kipa analala." Nikajibu kwamba wanapigwa kwa sababu hawajui kucheza. Apendaye chongo huita kengeza. Nikanunua padi mbili mpya. Nikabadilisha waya wa HDMI, ule unaounganisha mashine na TV. Nikafuta gemu nikaiweka upya, na bando ya intaneti ikaniishia. Wakati wote huo kuna kijana mmoja kila akija analipa, halafu anakwenda kukaa kwenye ile TV ya mstari wa kijani, na pale anafunga magoli. Hapo ndipo nilipostuka.

Nilichofanya ni hiki, na unaweza kukifanya wewe. Simu nyingi siku hizi zina video ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde. Nikamwambia mdogo wangu arekodi kidole changu juu ya padi na skrini kwa pamoja. Nikaingia ukurasa wa kwanza wa PS4, ule wa picha za gemu zilizojipanga, nikabonyeza kulia. Halafu tukaitazama video fremu moja moja, kuanzia kidole kinapozama hadi picha inaposogea. Kila fremu ni kama milisekunde 4.2. Kwenye TV kuukuu tulihesabu 22. Kwenye ile mpya, 41. Mashine ile ile, padi ile ile, ukurasa ule ule, kwa hiyo tofauti yote ni ya TV: fremu 19, karibu milisekunde 80. Kwa gemu ya fremu 60, hapo unaona kitu kilichotokea fremu tano nyuma. Umebonyeza kukaba, mwenzio ameshapita.

Sababu? TV mpya ina akili nyingi. Ikipokea picha haionyeshi papo hapo, bali inaisafisha, inaongeza rangi, inanoa kingo, na lile linalokula muda zaidi, inabuni fremu za kati ili filamu ionekane laini. Kubuni fremu ya kati lazima kwanza uishike ile inayofuata, maana huwezi kujua katikati bila kujua mwisho. Kwa tamthilia hakuna anayejali. Kwa gemu ni sumu. Wale waliocheza PS2 kwenye TV za mgongo watakumbuka kidole na picha vilikuwa kitu kimoja. Zile hazikuwa na ubongo wa kufikiria chochote, mawimbi yanaingia, mwale unachora.

Dawa ilikuwa ndani ya rimoti muda wote. Kwenye mipangilio ya picha kuna sehemu imeandikwa Game. Ukiiwasha, TV inaacha karibu ujanja wote huo. Tulipopima tena tukapata 24. Nusura nilie. Lakini angalia mtego wake: kwenye TV yangu mpangilio huo unashika tundu moja tu la HDMI. Nikihamishia PS tundu la pili, uzito unarudi. Sasa nimelibandikia utepe tundu la PS na rimoti inalala mfukoni mwangu, kwa sababu kuna watu wakiona rangi zimepoa kidogo wanabofya mpaka irudi kule kwenye rangi za kung'aa, halafu wao hao wa kwanza kulalamika.

Kwa hiyo usiulize kama ni 4K. Uliza kama ina hiyo modi ya gemu, na ukiiwasha inapungua kiasi gani. Baadhi ya TV za bei ya chini zina neno Game kwenye menyu lakini linabadilisha rangi tu. Bila kupima huwezi kujua.

Sasa hiyo Motion 240. Hilo wala lisikupotezee usingizi, ni namba ya biashara. Kitu cha kweli ni kioo chenyewe kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, na kwa TV za bei hiyo jibu karibu kila mara ni 60. Hizo namba kubwa hupatikana kwa kuhesabu fremu za kubuni, au kuzimazima taa ya nyuma, na zile za kubuni ndizo nimekwambia uzime. Kioo cha kweli cha hezi 120, yaani mara 120 kwa sekunde, kipo, lakini bei yake utaijua tu ukiisikia. PS4 yako haitakitumia hata hivyo, mwisho wake ni 60.

PS5 ndiyo inaweza kutoa 120, kwa baadhi ya gemu, na hapo mambo mawili yanafuata. Kwanza, kila fremu inakaa milisekunde 8.3 badala ya 16.7, na hilo kidole kinalisikia. Pili, 4K kwa hezi 120 haipiti kwenye tundu la HDMI la zamani, lile la 2.0, ambalo mwisho wake ni gigabiti 18 kwa sekunde. Linatakiwa la 2.1, linaloweza kufika 48. Ila usimuulize muuzaji "ni 2.1?" tu, maana wenye HDMI wenyewe waliruhusu jina hilo liandikwe hata kama TV haina vitu vyote vinavyoendana nalo. Muulize: inapokea 4K kwa hezi 120, ndiyo au hapana? Ina VRR? Hiyo VRR ni TV kuifuata mashine: fremu ikichelewa jikoni, TV inaisubiri badala ya kuonyesha nusu ya picha ya zamani na nusu ya mpya. PS5 iliipata Aprili 2022, na kwenye PS5 hufanya kazi kati ya hezi 48 na 120. Kwa kioo cha 60 faida yake ni ndogo mno, usiilipie. Na hata TV yenye hayo yote, mara nyingi ni matundu mawili tu kati ya manne yanayoyakubali, na moja ndilo hilo hilo linalotakiwa na spika.

Kwa mpira pekee, mimi nisingelipia 120. Kwa gemu za bunduki, ningefikiria.

4K yenyewe je? PS4 Slim mwisho wake ni Full HD, pikseli milioni mbili na kidogo. TV ya 4K ina zaidi ya milioni nane, kwa hiyo itachukua pikseli moja iitandaze kwenye nne. Haiongezi kitu ambacho mashine haikuchora. Ukija na PS5 ndipo utaona tofauti, na hata hapo inategemea umekaa wapi. Kwa jicho zima, pikseli za Full HD kwenye inchi 43 zinaacha kuonekana ukiwa kama mita 1.7, na kwenye inchi 55 kama mita 2.2. Benchi langu liko mita mbili. Chumba chako ni kama hicho cha nyumba zetu, futi kumi kwa kumi na kitanda ndani? Basi ya 43 inakutosha na ya 55 itakufanya ugeuze shingo kutafuta winga.

HDR ndiyo inayonichekesha. PS4 zote ziliipata kwa sasisho la 2016, hata Slim yako, kwa hiyo ukichomeka itakuandikia HDR na utafurahi. Lakini kupokea mawimbi ya HDR si sawa na kuwa na mwanga wa kuyaonyesha. TV ya bei ndogo taa yake ni hafifu, haina uwezo wa kuzima sehemu moja na kuwasha nyingine, matokeo yake picha inakuwa na giza kuliko kawaida. Mimi nimeizima kabisa.

Kuna jambo la kioo ambalo watu hawalitaji, na kwangu ndilo lililoamua TV ya mwisho niliyonunua. Vioo vya TV vina aina zake. Vile vya VA vina weusi mzuri, na kwenye chumba cha nyumba ya mawe, kuta nene na dirisha moja dogo, vinapendeza sana. Lakini ukikaa pembeni rangi zinafifia, na kitu chenye giza kikikimbia kinaacha mkia. Vioo vya IPS weusi wake ni kijivu kijivu, ila aliye mwisho wa benchi anaona sawa na aliye katikati. Bandani watu sita wanakaa upande upande, wanne kati yao wanasubiri zamu na wana maneno. Nilichukua IPS. Wewe unacheza na ndugu yako mmoja, VA haitakusumbua. OLED, aina ya tatu, ni nzuri kupita zote, kila pikseli inajiwashia taa yake na inabadilika haraka mno, lakini ubao wa magoli unaokaa kona ile ile saa kumi na mbili kwa siku unaweza kuacha alama ya kudumu. Kwa banda, kamwe. Kwa nyumbani, sawa, kama umeokota pesa.

Tena usisahau chumvi. Malindi na hapa tuko sawa. Mtumba wa Uingereza haujawahi kuonja upepo wa bahari, ukifika unaanza upya. Tazama matundu ya nyuma kwa tochi ya simu kama yana kutu, na nyumbani usiielekeze mgongo dirishani. Nunua na gadi ya umeme siku hiyo hiyo. Hilo silielezi, unajua umeme wetu.

Na kama sauti unaipitisha kwenye spika ya bluetooth, ikiwa firimbi inalia baada ya mtu kuanguka, usiilaumu TV.

Kwa hizo mbili zako, mimi naelekea kwenye ya 43, ili chenji inayobaki, hata ikiwa ndogo, iingie kwenye PS5. Nitabadili mawazo kwa sharti moja. Nenda dukani na PS4 yako mkobani, waombe waichomeke kwenye ile ya 55, washa Game, rekodi kidole kwa simu. Halafu fanya hivyo hivyo kwenye ya 43. Zikipishana fremu tatu nne, chukua kubwa ukiwa una nafasi ya kukaa mbali. Zikipishana kumi na kuendelea, iache hapo hapo ilipo hata wakikupunguzia bei. Muuzaji akikataa isichomekwe, hapo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Piga basi picha ya menyu ya picha na ya matundu ya nyuma, uziweke hapa. Nitazitazama usiku nikishafunga banda, baada ya saa nne hivi.