Mkuu, hiyo Nosferatu unayotaka kulipia ni nakala ipi?

Weka hela yako mfukoni kwanza. Salamu baadaye.

Nimesoma bandiko lako: kuna jamaa anakuwekea sinema bubu, zile za kale zisizo na sauti, mia moja kwenye flash, sikukuu unataka kufungua dimba na Nosferatu mbele ya familia, halafu unauliza uanze na zipi, zipi zinafaa watoto, na za Wajapani na Wahindi zinapatikana wapi. Mimi nimekwama palepale kwenye flash.

Maana na mimi nilinunua kwa jamaa wa namna hiyo. Tena sikuishia sebuleni, nilijifanya promota. Nikakodi ukumbi na projekta, nikatoza kiingilio, nikatangaza mtaa mzima kwamba waje waone babu wa muvi zote za kutisha, iliyotengenezwa na Murnau kule Ujerumani mwaka 1922. Mambo yakaenda vizuri mpaka meli ilipotia nanga. Orlok, yule mnyonya damu wa hadithi, anashuka, jeneza lake kwapani, anakatiza mitaa ya mji. Kwenye nakala yangu ni mchana kweupe. Kijana wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti, "Si mlisema huyu akipigwa na jua anakufa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwishoni jua lilipomuua kweli, mama mmoja akasema, "Kumbe leo ndo limemwona!" Nikacheka nao. Ningefanyaje, na projekta nimeshailipia?

Sasa sikiliza. Enzi hizo kupiga picha usiku nje ilikuwa kazi kubwa, filamu zenyewe zilihitaji mwanga mwingi. Kwa hiyo walipiga mchana, halafu nakala ya kuonyeshwa ikatiwa rangi: bluu kwa usiku, njano kwa ndani ya nyumba, waridi kwa alfajiri. Ile bluu ndiyo usiku wenyewe! Mtazamaji wa 1922 aliona mtu anabeba jeneza gizani. Mimi niliuziwa nakala ya nakala ya nakala, rangi yote imepotea, na hadithi nzima inaning'inia kwenye jua. Ukiondoa bluu, umebaki na mzee mwenye kucha ndefu anahama nyumba.

Na vibao vyangu vya maandishi, vile vinavyokatiza picha kueleza hadithi, vilimwita Dracula badala ya Orlok. Ningejua kusoma dalili ningeshtuka hapo. Waliotengeneza Nosferatu walitumia Dracula, kitabu cha Bram Stoker, bila ruhusa, mjane wake akawashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Zilizosalimika zilikuwa zimetawanyika nchi mbalimbali, na huko watu wakakata na kuandika upya walivyotaka. Iliyokarabatiwa vizuri ina kama dakika 94. Ya kwangu ilizidi saa moja kidogo tu, watu wanatembea kama wamefukuzwa na nyuki. Kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Sinema za sauti zikaja na 24, na mvivu anayerusha ya zamani kwa mwendo wa 24 anakuharibia kila kitu. Muziki sisemi. Kinanda cha kompyuta kilichojirudia mpaka mwisho, hata watu wanapokufa.

Muuzaji namwelewa, anatafuta ugali. Ninayemsikitikia ni yule bingwa wa blogu aliyeandika kwamba sinema bubu zote ni sawa, chukua yoyote utakayoipata. Bado anaandika. Mungu amsamehe, mimi bado nipo njiani.

Metropolis ya Fritz Lang, sinema bubu nyingine ya Kijerumani, ni hivyohivyo. Ilizinduliwa Berlin Januari 1927, ikapigwa mkasi muda mfupi baadaye, na karibu robo yake ikapotea mpaka 2008, ilipopatikana nakala chakavu kwenye makumbusho Buenos Aires. Wanaosema haieleweki wengi waliangalia iliyokatwa.

Watoto wape The Kid ya Chaplin, 1921, wamalize kulia ndio wacheke. Ila kwenye vichekesho usilaumu kila mwendo wa haraka, mwingine walikusudia wenyewe.

Za Kijapani utazipenda, kwa sababu hazikuwa bubu hata kidogo. Kando ya pazia alikuwepo benshi, anasimulia na kuigiza sauti za wahusika wote, na watu walikwenda kwa ajili yake. Sisi tuliomsikiliza Lufufu akitafsiri muvi za kigeni kibanda umiza hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo usimuulize jamaa ana muvi ngapi. Mwambie afungue Nosferatu papo hapo, aisogeze mpaka pale Orlok na jeneza. Ikiwa bluu, angalia dakika. Ikiwa mchana, kunywa soda yako uondoke.