Maswali ya wasomaji: Wanafunzi wakiwa nje ya chuo wataingiaje kwenye majarida ya maktaba?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mkutubi kwenye chuo kidogo huku Morogoro, majarida ya mtandaoni tunayapata kupitia COTUL, ule umoja wa maktaba za vyuo na utafiti Tanzania, na mwanafunzi akiwa ndani ya chuo yanafunguka vizuri tu, sasa akirudi alikopanga mtaani anaambiwa alipie makala kwa dola. Nimesikia kuna programu inaitwa EZproxy inamaliza hilo tatizo ila ni ya kulipia kila mwaka na bajeti za maktaba mnazijua. Kuna programu huria ya kufanya kazi hiyo? Tuna seva moja na kijana mmoja wa TEHAMA.

JIBU: Nzuri ndugu mkutubi. Zipo, tena zaidi ya moja. Kinachotokea ni kwamba mchapishaji hamjui mwanafunzi wako, anachojua ni zile anwani za IP za chuo mlizompa, yaani namba zinazoutambulisha mtandao wenu kwenye intaneti, kwa hiyo mtu akitokea kwenye bando la simu anahesabiwa ni mpita njia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni proksi, mwanafunzi anapitia seva yenu ndo anatokea kwa mchapishaji akiwa na IP ya chuo. EZproxy inafanya hivyo na Squid ambayo ni huria inaweza pia, unaiunganisha na OpenLDAP, programu huria ya kutunza orodha ya watumiaji na nywila zao, iwe inahakiki namba ya usajili na nywila. Shida ni kwamba Squid inamtaka kila mtu abadili setingi za brauza yake, na kwenye simu hapo ndo kasheshe. Halafu wote mnatokea na IP moja, akitokea mmoja akawasha programu ya kudaunlodi makala usiku kucha mchapishaji anaifunga ile IP na chuo kizima kinakosa huduma kwa sababu ya mtu mmoja.

Njia ya pili ndo naipigia debe, inaitwa SAML. Mwanafunzi anafungua tovuti ya mchapishaji, anachagua chuo chake, analetwa kwenye ukurasa wenu wa kulogini, akishaingia seva yenu inampelekea mchapishaji ujumbe uliosainiwa kidijitali kwamba huyu ni wetu. Nywila haitoki chuoni na hata jina si lazima litoke, mnapeleka msimbo tu wa kumtofautisha na wengine, kwa hiyo akivuruga mmoja anafungiwa yeye peke yake. Programu zake huria ni Shibboleth na SimpleSAMLphp. Shibboleth inatumia Java na inataka mtu aliyekaa nayo, kwa kijana mmoja mimi ningeanza na SimpleSAMLphp maana ni PHP, kama ameshawahi kuweka Moodle, ile ya masomo ya mtandaoni, hatapotea. Ila mchapishaji lazima awatambue kwanza, na hapo ndo kazi ya mashirikisho, yaani vyuo na wachapishaji waliokubaliana kuaminiana kulogini, wenzetu Kenya wana RAFIKI chini ya KENET ambao ni mtandao wa elimu na utafiti wa kwao, Uganda wana RENU, na juu yao kuna eduGAIN inayounganisha nchi na nchi. Nyie zungumzeni na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, kabla hamjagusa seva.

Mwambie kijana aangalie sana saa ya seva. Ule ujumbe wa SAML unaishi dakika chache tu, saa ikiwa mbele au nyuma unakataliwa, na mtu anaweza kushinda anabadilisha nywila kumbe tatizo ni saa! Awashe NTP inayorekebisha saa yenyewe kupitia mtandao, na cheti cha HTTPS cha kulinda ukurasa wa kulogini achukue Let's Encrypt, ni bure.

Sasa kitu kinachoniuma zaidi kwenye maktaba zetu ni orodha ya watu. Majina mengine yako kwenye Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, mengine kwa msajili, ya wafanyakazi yako kwenye Excel ya utumishi, na hakuna anayejua nani kashaondoka. Programu yoyote mtakayoweka itauliza huyu ni nani na je bado yupo, na mikataba ya majarida inaruhusu wanafunzi na wafanyakazi waliopo, sio aliyehitimu mwaka juzi na akaunti yake bado inafanya kazi. Jengeni LDAP moja, yaani orodha moja ya watumiaji kama ile ya OpenLDAP, inayopata majina moja kwa moja kutoka kwa msajili, anayehitimu akitoka kule na huku anatoka. Na Koha yenyewe inaweza kulogini kwa LDAP hiyo hiyo, mwanafunzi anabaki na nywila moja tu.

Uongozi nao waelezwe mapema kwamba leseni ndo bure, muda wa kijana sio bure, apangiwe saa za kazi hii na awepo mtu wa pili anayejua jinsi seva ilivyowekwa, akihama huyu maktaba isisimame.

Na mkifika kwenye kujaribu msijaribie kwenye waifai ya chuo, maana hapo majarida yatafunguka kwa IP hata kama mmekosea kila kitu. Zimeni waifai, wekeni bando, mjaribu kwa simu.