Barua kwa Mwanangu: Friji Uza, Meza ya Babu Pakia

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kwanza kwa furaha, halafu kwa kalamu mkononi. Unasema kazi umeipata, safari ni baada ya miezi miwili, na kampuni bado haijaamua ikupeleke Amerika ya Kaskazini au Ulaya. Nyumba watakayokupa ni tupu, na watakulipia sehemu ya gharama za kontena. Ndipo ukaniuliza: "Mama, nipakie vitu vyangu vyote, friji, mashine ya kufulia, kitanda na ile meza ya babu, au niuze nikanunue vipya huko?"

Uza kila kinachopasha joto na kila chenye mota. Kitanda nacho kiache. Nguo, vitabu, sufuria nzuri na vitu vya kumbukumbu pakia. Mambo haya mimi niliyajua kwa kupoteza fedha yangu, na sitaki wewe upotee njia ileile.

Tuanze na umeme, maana huo ndio utakaoamua mengi. Vitu vyako vyote vimetengenezwa kwa volti 230 na 50Hz (hertzi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kila sekunde). Ukienda Ulaya utaukuta umeme huohuo, kazi itakuwa kubadilisha plagi tu. Marekani na Kanada soketi za kawaida ni volti 120, 60Hz. Mimi nilipohamia Marekani sikulijua hilo. Nilikwenda na birika langu la umeme la wati 2000, nikanunua adapta ndogo, nikachomeka. Taa nyekundu ikawaka, nikafurahi, nikakaa kusubiri. Robo saa ikapita. Nikaweka kiganja ubavuni mwa birika, joto lipo, lakini maji hayachemki. Nilidhani limeharibika safarini, kumbe lilikuwa zima kabisa. Kifaa cha kupasha joto ukikipa nusu ya volti hakikupi nusu ya joto, kinakupa robo, kwa sababu umeme unaopita ndani yake nao hupungua nusu. Birika langu la wati 2000 lilikuwa linafanya kazi ya wati 540 hivi. Pasi, oveni na jiko la umeme ni hesabu ileile.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa zaidi. Nilipohamia Ulaya miaka michache baadaye, mwenzangu mmoja wa nyumba alikuja na kikausha nywele cha volti 120, akakichomeka kwenye soketi ya 230. Kililia kama king'ora, nyaya za ndani zikang'aa nyeupe, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumba, kisha kimya. Volti zikikaribia kuwa mara mbili, joto hukaribia kuwa mara nne. Alishukuru Mungu kwamba hakikuwa karibu na pazia.

Adapta hubadilisha umbo la pini tu, haigusi volti. Shika hilo, maana madukani kwenye viwanja vya ndege adapta zinauzwa kana kwamba zinatatua kila kitu. Kinachobadilisha volti ni transfoma, na transfoma ya kuendesha birika au pasi ni nzito, ina gharama, na ikifanya kazi inanguruma. Hata hiyo haibadilishi zile hertzi. Nilikuwa na saa ya kuchomeka ukutani, niliipenda sana, nikaitafutia transfoma ndogo nikadhani nimemaliza. Kila saa moja ilikuwa inakwenda mbele dakika 12, kwa kuwa mota yake ilifuata mapigo ya umeme, na mapigo 60 ni mengi kuliko 50. Saa ikikimbia unacheka tu. Mota ya friji au ya mashine ya kufulia iliyotengenezwa kwa 50Hz, ukiilazimisha kwenda mwendo isioujua, inaweza kuchemka na kufa kabla ya siku zake. Japani mambo ni magumu zaidi, maana nchi moja ina yote mawili: upande wa Tokyo 50Hz, upande wa Osaka 60Hz, kwa sababu miaka ya 1890 upande mmoja ulinunua mitambo Ujerumani na mwingine Marekani. Zaidi ya miaka mia imepita na bado mapigo ni ya aina mbili.

Vifaa vyako vidogo usiviuze kwa hofu. Chukua chaja ya kompyuta, ya simu, ya kamera, igeuze usome maandishi madogo mgongoni. Ukiona 100–240V, 50/60Hz, pakia bila wasiwasi, hiyo itafanya kazi popote. Ukiona 220–240V peke yake, na ni Amerika unakokwenda, mpe ndugu yako. Televisheni isome vivyo hivyo, lakini kumbuka kwamba mfumo wa matangazo ya antena hutofautiana bara na bara. Kama unatazama kupitia intaneti tu haikusumbui.

Sasa friji, maana ndiyo itakayofanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, na kosa lake utalilipia kila mwezi kwenye bili. Usinunue kubwa kwa sababu ipo ofa. Mtu mmoja anayeishi karibu na soko hahitaji friji ya familia ya watu sita. Ukiwa Ulaya utaona kibandiko cha rangi chenye herufi A hadi G. Zamani walikuwa wameongeza A+, A++ na A+++ mpaka herufi zikapoteza maana, na tangu Machi 2021 alama hizo zimefutwa kwenye friji, mashine za kufulia na televisheni, na kipimo kimekazwa. Kwa hiyo friji yenye D au E usiikimbie kama mtu aliyeona F ya mtihani. Tazama namba kubwa ya kWh (uniti za umeme) kwa mwaka, izidishe kwa bei ya umeme ya huko, ndipo ulinganishe. Friji ya bei nafuu inayokula umeme maradufu si nafuu.

Ikifika nyumbani, isimame wima saa kadhaa kabla ya kuichomeka, hasa kama ililazwa kwenye gari, ili mafuta ya kompresa, ile pampu ya friji, yarudi mahali pake. Iachie nafasi ya hewa nyuma kadiri kitabu chake kinavyosema. Weka nyuzi 4 ndani, na 18 chini ya sifuri kwenye friza. Kabla ya kulipia uliza pia kama mlango unaweza kugeuzwa ufunguke upande wa pili. Mimi niliwahi kuwa na friji ambayo mlango wake uligonga ukuta, droo ya mboga haikutoka hata siku moja, na kila nilipotaka kuisafisha ilibidi niivute friji nzima katikati ya jiko.

Mashine ya kufulia ina jambo moja tu nitakalolisema kwa sauti: toa bolti za usafirishaji. Nyuma ya mashine mpya kuna bolti ndefu, mara nyingi tatu au nne, zinazoshikilia pipa lisicheze njiani. Waliotuletea ya kwetu walitia bomba, wakachomeka, wakaondoka, bolti ziko palepale. Siku ya kwanza ilipofika kwenye kukamua, mashine ilianza kutembea. Nakwambia ilitoka kona ikafika mlangoni, sakafu inatetemeka, jirani wa chini anagonga dari yake kwa fagio, nami nimeikumbatia kwa mikono miwili nikiomba isimame. Bolti ukizitoa usizitupe, ziweke kwenye mfuko na kitabu cha mashine, utazihitaji ukihama.

Kwenye gesi sitasema mengi. Jiko la gesi ya mtungi na la gesi ya bomba matundu yake si sawa, na kubadilisha ni kazi ya fundi mwenye leseni. Usijaribu mwenyewe na usikubali rafiki "anayejua". Ukikuta jiko la sumaku, lile la kioo linalopasha sufuria bila moto, chukua sumaku yoyote uibandike chini ya kila sufuria. Inayonata itafanya kazi, isiyonata haitapata joto.

Nije kwenye kitanda. Unataka kupakia chako kwa sababu umekizoea, nakuelewa. Ila vipimo vya vitanda havifanani duniani. Marekani kitanda wanachokiita Queen ni sentimita 152 kwa 203. Ulaya bara utakuta 140 kwa 200 au 160 kwa 200. Uingereza kitanda cha watu wawili cha kawaida ni 135 kwa 190. Ukihamia na kitanda chako, kila shuka na kila godoro utakalotaka kununua baadaye halitakaa sawa, litapwaya au litajikunja kwenye pembe. Shuka zako nazo zipime kwanza. Nilibeba shuka nane za pamba nzuri, nne zikaishia kuwa vitambaa vya meza.

Kama kuna kitu kimoja cha kununua kipya na kizuri, mwanangu, ni godoro. Kochi unaweza kulikosa miezi mitatu na usidhurike. Kulala vibaya wiki mbili katika nchi ngeni, kazi mpya, hakuna unayemjua, kunamvunja mtu moyo kabla hajaanza. Nenda dukani ukalilalie kwa dakika kumi, ubavu kwa ubavu, usione haya. Na uliza wanaruhusu kurudisha ndani ya siku ngapi.

Vitu vya mbao vilivyotumika nakushauri uvinunue. Meza, viti, rafu za vitabu, watu wanaohama huviuza kwa bei ya kutupa, na mbao imara haizeeki haraka. Godoro la mtumba kataa, hata ukipewa bure. Kochi la kitambaa likague kabla ya kulibeba: washa tochi, fungua mishono, tazama chini kwenye kona kama kuna madoa meusi kama ya kalamu. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuambiwa "lilikuwa stoo tangu mwaka jana" si kinga. Na kabla ya kochi lolote, jipya au kuukuu, pima mlango wa nyumba, wa jengo, lifti na ile kona ya ngazi. Baba yako na mimi tuliwahi kukaa na kochi kwenye ngazi kuanzia saa kumi jioni hadi usiku, haliendi juu wala halishuki, majirani wanapita juu yake na mifuko yao. Sebule tulikuwa tumeipima vizuri. Ngazi hatukuipima.

Kuhusu kontena, usinunue vitu vipya sasa ili uvisafirishe. Forodha za nchi nyingi husamehe ushuru kwa vyombo vya nyumbani vya mtu anayehamia, lakini viwe vyake kweli. Umoja wa Ulaya unataka viwe vimekuwa mali yako na umevitumia angalau miezi sita kabla ya kuhama, na ukishaingiza huruhusiwi kuviuza wala kuvikodisha kwa miezi 12. Andika orodha ya kila sanduku kwa uaminifu, na uiandike mapema, si usiku wa mwisho.

Halafu usikimbilie kujaza nyumba. Najua nyumba tupu ilivyo. Ukikohoa inakurudishia sauti, na jioni unatamani ununue chochote ili ionekane kuna mtu anaishi humo. Wiki ya kwanza tafuta godoro, pazia la chumba cha kulala, taa, sufuria moja na kisu kikali. Uliza pia "tupu" ina maana gani katika mkataba, maana ziko nchi ambako mpangaji aliyetangulia huondoka na kabati za jikoni, sinki na hata taa za darini. Mengine subiri mwezi mmoja. Utajua jua linaingia dirisha lipi, wewe mwenyewe unapenda kukaa wapi, na soketi ziko kona gani. Nusu ya vitu nilivyonunua wiki ya kwanza nilivigawa kabla ya mwaka kuisha.

Meza ya babu yako ipakie. Sijali gharama za nafasi yake kwenye kontena, nitachangia. Nimeikagua chini kwa tochi, haina tundu la mdudu hata moja, na nimeifuta vumbi lote ili wakaguzi wa forodha wasiwe na la kusema. Miguu yake inafunguka. Bolti zote nne nimezitia kwenye mfuko wa kitambaa, nimeufunga kwa kamba kwenye mbao ya katikati, chini. Spana yake ni namba 13, nayo nimeitia humohumo.

Kampuni ikikwambia ni upande gani, nipigie siku hiyohiyo.

Mama yako