Bosco alikatwa na chupa Mtito Andei: kwa nini mguu ulivimba?

Swali: Daktari, habari za kazi? Tulikuwa safarini kwenda Mombasa na mbwa wetu Bosco, ana miaka minne na kilo kama 25. Tuliposimama Mtito Andei aliruka nje ya gari akakanyaga chupa iliyovunjika, akakatika unyayo wa mguu wa mbele. Damu ilimwagika mpaka watoto wakaanza kulia. Nilirarua leso, nikamkaza sana juu kidogo ya kifundo, damu ikakoma. Kwa vile alikuwa akilia kwa maumivu, nilimpa kidonge kimoja cha ibuprofeni cha miligramu 400, tukaendelea na safari. Kufika Mariakani mguu ulikuwa umefura kama andazi, na usiku akatapika mara mbili. Kesho yake alishonwa Mombasa. Sasa tumerudi nyumbani, ni siku ya kumi na mbili, nyuzi zimeshatolewa, lakini bado anachechemea, anaramba palepale na panatoka majimaji. Nilikosea wapi, na nifanye nini? Ningegeuza gari nirudi Nairobi?
— Mama Njoki, Umoja

Jibu: Pole sana, Mama Njoki. Nianze na la leo, maana ndilo lenye haraka.

Unyayo unaotoa majimaji siku ya kumi na mbili, na mbwa anaramba sehemu moja tu, kitu cha kwanza ninachoshuku ni kipande cha chupa kilichobaki ndani. Kioo huingia kama mwiba, kisha ngozi nene ya unyayo hujifunga juu yake, na usaha ukabaki ukitafuta mlango. Ukimpa antibiotiki atapata nafuu siku chache, ukiacha hali inarudi, kwa sababu dawa haiyeyushi kioo. Bosco anahitaji eksirei. Wengi hudhani kioo hakionekani kwenye picha kwa vile macho yetu huona ng'ambo yake. Huonekana, kwa kuwa ni kizito kuliko nyama, labda kipande kiwe kidogo mno. Usipopata mahali pa karibu penye mashine, kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete na huhudumia mbwa na paka.

Sasa turudi Mtito Andei. Unyayo wa mbwa una mishipa mingi ya damu, ndiyo maana jeraha la sentimita mbili linaweza kuchafua gari zima. Lakini ni damu ambayo kwa kawaida hukubali kuzuiwa kwa mkono. Suuza kwa maji safi ya chupa, weka gozi (kitambaa chepesi cha hospitali cha kufungia vidonda) au kitambaa safi juu ya jeraha lenyewe, bonyeza kwa kiganja dakika tano kamili bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakoharibu, kwa sababu kila ukiinua kitambaa unang'oa damu iliyokwisha kuganda na kuanza upya. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, usikitoe cha kwanza. Ukiona kioo kimezama, usikivute kwa nguvu, wala usibonyeze juu yake; funga kwa kukizunguka umwachie daktari.

Kabla ya hayo yote, mfunge mdomo kwa tai au bendeji, isipokuwa anatapika au anahema kwa shida. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayempenda. Akimuuma mtu, jeraha la mtu huyo lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali, hata kama mbwa ana chanjo ya kichaa cha mbwa. Safiri na kadi ya chanjo ndani ya gari. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Kuhusu kufura: hukufunga jeraha, ulifunga mguu juu ya jeraha. Ateri zinazopeleka damu chini zina kuta nene na msukumo wa moyo nyuma yake. Vena zinazoirudisha ni laini, na zikibanwa hulala mapema. Kwa hiyo damu iliendelea kuingia unyayoni na haikupata njia ya kutoka, na kutoka Mtito hadi Mariakani ni saa kadhaa. Nimewahi kukata vidole viwili vya mbwa aliyefungwa hivyo tangu jioni hadi asubuhi. Mwenye mbwa alikuwa amefanya kwa upendo, na sijasahau uso wake nilipomweleza. Bosco ana bahati.

Bendeji ya unyayo huanzia chini kwenda juu. Tia vipande vidogo vya pamba katikati ya vidole, kwa sababu mbwa hutoka jasho nyayoni na unyevu huozesha ngozi. Weka gozi juu ya jeraha, zungusha pamba ya kutosha, halafu bendeji ya kunyumbuka, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, mpaka upite kifundo ili isichomoke. Usiinyooshe yote unapoizungusha. Na acha ncha za kucha mbili za katikati zionekane. Hizo ndizo saa yako barabarani: kila nusu saa ziangalie. Zikiwa zimekaribiana, sawa. Zikianza kuachana, au vidole vikiwa baridi kuliko vya mguu wa pili, fungua yote uanze upya. Mfuko wa plastiki uvalishwe anaposhuka kukojoa tu, akirudi garini utoke.

Ibuprofeni ndiyo iliyomtapisha, sina shaka kubwa juu ya hilo. Dawa za jamii hiyo, pamoja na diklofenaki, huzuia kemikali za mwili zinazoleta maumivu, lakini kemikali hizohizo ndizo hulinda ukuta wa tumbo na kupeleka damu kwenye figo. Kiasi kidogo kuliko cha binadamu hutosha kumdhuru mbwa. Kwa kilo 25 za Bosco kidonge kile kilitosha kuchubua tumbo. Mbwa wa kilo tano angepata mara tano ya kiasi hicho kwa kila kilo, na hapo tungeongea habari nyingine. Akikataa chakula au akinya choo cheusi kama lami, usisubiri miadi. Na Panadol msiibadilishe kuwa jibu, hasa mwenye paka: kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Kuna dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu, na daktari anaweza kukuandikia kabla ya safari kwa uzito wake. Ulimwambia daktari wa Mombasa kuhusu kidonge kile? Tunahitaji kujua, kwa sababu kuongeza dawa ya pili ya aina hiyo juu ya ya kwanza ndiko kunakotoboa matumbo.

Kugeuza gari? Hapana. Mtito Andei ni takriban katikati ya Nairobi na Mombasa, kurudi kusingekuokolea muda. Ningesimama Voi. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na daktari anayeshinda na ng'ombe na mbuzi anajua kushona unyayo wa mbwa vizuri kabisa. Jeraha likishonwa ndani ya saa sita hadi nane hupona kwa usafi zaidi. Muulize tu kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya (Kenya Veterinary Board); duka la dawa za mifugo si kliniki, na sindano ya kubahatisha kaunta ni ya kuikataa.

Ingekuwa amegongwa na gari, ningekujibu tofauti. Hapo hata bila jeraha la nje, ufizi ukiwa mweupe au tumbo likijaa, mlaze juu ya ubao au blanketi lililonyooshwa na uende kliniki iliyo karibu zaidi dakika hiyo.

Kwa kesho, ukimleta kwangu: usimpe Bosco chakula kuanzia usiku wa manane, huenda akahitaji usingizi ili tupekue unyayo, maji anywe. Mvalishe kola ya kumzuia kuramba usiku huu. Uje na karatasi za Mombasa na pakiti ya kile kidonge.