Kampuni nyingi, laini moja: nichague intaneti ipi ya nyumbani?

SWALI: Habari za kazi. Tunaishi Leicester, nyumba ya kupanga, watu wazima watatu na watoto wawili. Intaneti yetu inapita kwenye laini ya simu. Mkataba unaisha mwezi ujao na kampuni imeshaniandikia kwamba bei itapanda, kwa hiyo nataka kuhamia kwenye nafuu, isizidi £28 kwa mwezi. Kila kampuni inatangaza "faiba 67" kwa bei yake. Kikagua-laini cha BT Wholesale kimenipa VDSL Range A 58–46 na Range B 49–33, sikuelewa. Kwa sasa nikipima kwa simu yangu chumbani usiku napata 17. Halafu simu ya mezani ikilia, intaneti inakatika. Mama mkwe ndiye anayeitumia simu hiyo, na ana kile kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni. Nichukue kampuni gani?
– Msomaji, Leicester

JIBU: Salama, dada. Tuanze na laini yenyewe kabla ya majina ya kampuni, maana karibu zote ulizoziona zinauza huduma inayopita kwenye waya ule ule. BT, EE, Plusnet, Sky, TalkTalk, Vodafone na Zen zinatumia mtandao wa Openreach: faiba kutoka kituo cha simu hadi kabati la mtaani kwenu, kisha waya wa shaba kutoka kabatini hadi ukutani kwako. Mpango huo ndio unaoitwa VDSL. Kipande hicho cha shaba ndicho kinachoamua kasi, nawe ukihama kampuni chenyewe kinabaki pale pale. Aliye mita 100 kutoka kabatini hukaribia 80 kamili (kasi zote hapa ni megabiti kwa sekunde, yaani Mbps). Aliye kilomita moja ashukuru akipata 25. Virgin Media iko kando ya hesabu hii kwa sababu ina kebo zake yenyewe.

Zile namba ulizopewa sasa zinasomeka hivi. Range A ni makadirio ya laini yako ikiwa safi. Range B ni laini hiyo hiyo ikiwa nyaya za ndani ya nyumba zina kasoro: soketi za ziada zilizounganishwa ovyo, vichujio (vifaa vidogo vinavyotenganisha simu na intaneti) vilivyokosekana, waya mrefu wa kupeleka simu ghorofani. Yaani kutoka 33 hadi 58 kuna nafasi kubwa, na sehemu yake iko mikononi mwako, si mwa kampuni.

Na ile 67 ya matangazo? Tangu Mei 2018 kanuni za matangazo Uingereza zinataka kasi inayotangazwa iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja wa kifurushi hicho kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Ni namba ya wateja wa nchi nzima, haikuhusu wewe binafsi. Vifurushi vya laini kama yako kwa kawaida ni viwili: cha kasi ya juu ya 40 kupakua na 10 kupakia, kinachotangazwa kama 36 hivi, na cha 80 kwa 20, ndicho kinachoitwa 67. Laini yako ikiwa safi, kile kidogo utakipata chote, na kile kikubwa kitaishia kwenye 50 hivi. Kwa watu watano 36 inatosha: filamu ya HD hula kama 5, simu ya video ya WhatsApp haifiki 3. Inayobana mapema ni televisheni ya 4K, inayotaka kama 25 peke yake. Tofauti ya bei ikiwa £1 au £2, chukua kikubwa, hasa kama kuna anayefanya kazi nyumbani na kutuma mafaili mazito. Ikizidi hapo, ni hela unayoitupa.

Sasa ile 17. Kipimo cha simu chumbani hakisemi kosa liko wapi. Unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni kasi ambayo ruta imekubaliana na kabati: fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari (anwani imeandikwa kwenye kibandiko nyuma yake, mara nyingi 192.168.1.254 au 192.168.0.1) utafute sehemu ya DSL. Ya pili ni kipimo cha kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta kwa kebo, wengine wote wakiwa wameacha kutumia. Pima mchana, kisha pima tena saa 3 usiku. Ya tatu ni hiyo hiyo uliyonayo, ya waifai.

Ruta ikisema 48 na kebo ikatoa 45, ila chumbani ni 17, tatizo ni waifai. Kampuni mpya haitalitibu, isipokuwa kwa bahati ya kuletewa ruta bora. Itoe ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la nguo, iweke wazi na juu kidogo. Ruta ikisema 48, kebo ikatoa 45 mchana lakini 17 usiku, hapo kampuni yako imezidiwa na wateja, na kuhama kuna maana. Ruta yenyewe ikisema 17, laini ni mbovu, na ubovu huo utahama nawe hadi kampuni mpya.

Nashuku hili la tatu, kwa sababu ya ile simu inayokata intaneti. Dalili hiyo ina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni kichujio: kila kifaa kinachotumia laini ya simu, iwe simu ya ghorofani, king'ora cha wezi au kisanduku cha zamani cha televisheni, kinatakiwa kipitie kichujio chake, la sivyo mlio wa simu unaingia kwenye masafa ya intaneti. Kichujio ni cha pauni chache tu. Kama soketi yako kuu ina matundu mawili, la simu na la intaneti, kichujio kimo ndani yake na hivyo vidogo havihitajiki. Sababu ya pili ni kiungo cha waya kilichoshika kutu, ama nje nguzoni ama chini ya ardhi. Laini ikiwa imetulia kiungo hicho kinapitisha mawimbi kwa shida. Umeme wa kulia simu, ambao ni mkubwa zaidi, ukipita unakitikisa na intaneti inadondoka.

Kutofautisha ni kazi ya robo saa. Tafuta soketi kuu, ile ambayo waya wa nje unaingilia. Ya zamani ina mstari katikati na skrubu mbili kwenye nusu ya chini: zifungue kwa bisibisi, vuta kipande hicho taratibu, na ndani utaona tundu lingine. Ile mpya haina skrubu za mbele. Unabonyeza pande zake mbili na kifuniko kinatoka. Hilo ndilo tundu la majaribio, na ukichomeka hapo unakuwa umezitenga nyaya zote za ndani. Nyuma ya hapo ni mali ya Openreach, usipaguse. Chomeka kichujio kipya, kisha ruta na simu moja yenye waya, halafu uipigie simu ya mezani kwa simu ya mkononi. Intaneti ikibaki, kosa limo nyumbani: rudisha kifaa kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Ikikatika bado, piga 17070, namba ya kupima laini, kwa simu ile ile yenye waya (simu isiyo na waya ina mvumo wake wenyewe, itakudanganya), chagua 2 na usikilize. Panatakiwa kuwa kimya kabisa. Ukisikia mikwaruzo au kukoroma, ripoti kwa kampuni unayolipa sasa. Openreach haipokei malalamiko ya wateja moja kwa moja. Uliza kabla gharama ya fundi, kwa sababu akikuta kosa liko upande wako wa soketi, bili inakuja kwako.

Lifanye hili kabla ya kuhama. Tangu Septemba 2023 laini mpya za simu za mtindo wa zamani haziuzwi tena, na zilizobaki zimepangiwa kuzimwa ifikapo Januari 2027. Ukihama utapewa laini ya intaneti tupu, na simu itachomekwa kwenye ruta. Vichujio havitakuwa na kazi tena na mlio hautakata kitu, lakini kiungo chenye kutu kitabaki kikila kasi yako, na 17070 ya kukusaidia kukinasa haitakuwepo. Jambo jingine: mfumo wa mtandao ukiona laini inakatika mara kwa mara, unaishusha kasi wenyewe ili itulie. Kwa hiyo usiwe na mazoea ya kuizima ruta kila usiku, na huduma mpya uipe kama siku 10 kabla ya kuihukumu.

Bei. Mikataba ya kuanzia tarehe 17 Januari 2025 lazima itaje nyongeza kwa pauni na peni. Hawaruhusiwi tena kusema "mfumuko wa bei na juu yake asilimia fulani". Tumia kanuni hiyo upige hesabu ya mkataba mzima. Chukua mfano wa kampuni A yenye £24 kwa mwezi, nyongeza ya £4 kila Aprili, miezi 24. Ukianza Septemba unalipa miezi 7 kwa £24, miezi 12 kwa £28 na miezi 5 kwa £32, jumla £664. Kampuni B ni £27 bila nyongeza, na £5 ya kuletewa ruta: £653. Iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Mkataba huo huo wa A ukianza Februari unafika £704, kwa kuwa Aprili mbili zinakukuta mapema, ingawa zipo kampuni zinazowasamehe wateja wapya Aprili ya kwanza. Lisome hilo kwenye muhtasari wa mkataba. Na kabla ya kusaini popote, wapigie hao wa sasa uwatajie bei uliyoipata kwingine. Mara nyingi hushuka.

Kama kuna mtu nyumbani anayepokea Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), au mama mkwe anapata Pension Credit (ule wa wazee), ulizia bei za kijamii, ambazo kampuni huziita "social tariff". Nyingi ziko kati ya £12 na £23, na kwa kawaida hakuna faini ya kuondoka katikati. Anayepokea msaada huo ndiye anayetakiwa kuwa mwenye akaunti. Mwenye viza isiyoruhusu misaada ya serikali mlango huu haumhusu.

Kwenye kikagua-laini kile kile angalia pia mstari wa FTTP, yaani faiba hadi ndani ya nyumba. Ikiwepo, sioni sababu ya kung'ang'ania shaba, maana bei zimekaribiana sana na kutu haina pa kuingilia. Ila huwa inatobolewa ukuta, kwa hiyo pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Isipokuwepo, chuja kampuni kwa maswali matatu: kasi ya chini wanayokuhakikishia kwa maandishi ni ngapi (kampuni iliyo kwenye kanuni za kasi za Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano Uingereza, isipoifikia ina siku 30 za kurekebisha, baada ya hapo unaondoka bila faini), je, wamo kwenye mpango wa fidia ya moja kwa moja, unaolipa kwa kila siku ukatikaji unapopita siku mbili kamili za kazi bila kutengenezwa, na namba ya simu ya mezani itahamishwa? Wakijibu vizuri yote, chukua yenye jumla ndogo. Kuhama kwenyewe, tangu Septemba 2024, unazungumza na kampuni mpya tu, nayo inafunga ile ya zamani. Usitangulie kuikata wewe mwenyewe, namba inaweza kupotea.

Kitufe cha mama mkwe kishughulikieni kwanza. Ipigie kampuni inayokihudumia, uwaambie laini inahamia kwenye ruta, na waulize kama kifaa hicho kinakubali. Vya zamani vingi vinahitaji kubadilishwa viwe vya laini ya simu ya mkononi. Iambie pia kampuni mpya ya intaneti kwamba nyumbani kuna mtu anayetegemea simu ya mezani, wampe betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika ruta inazimika na simu inazimika nayo. Betri hiyo inatakiwa ihimili kupiga 999, namba ya dharura, kwa angalau saa moja. Siku ya kuhamia, fundi akimaliza, kibonyezeni kitufe na msubiri mhudumu aitike kabla hamjamruhusu aondoke.